Ampu ndogo ya valvu ya miaka ya 60: niichukue au niiache?

Nyuzi_Sita

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela yangu.

Kuna mtu anauza Fender Vibro Champ, ile yenye paneli nyeusi. Anasema ni ya mwaka 1964 na kwamba kila kilichomo ndani ni cha kiwandani, haijaguswa na fundi yeyote. Nimeiona na nimeipiga. Spika ni ya inchi 8, nyuma kuna valvu nne (zile taa za kioo zinazokuza sauti): 12AX7 mbili za mwanzo, 6V6GT moja ya mwisho inayosukuma spika na 5Y3GT moja ya kugeuza umeme kuwa DC. Waya wa umeme una pini mbili tu. Ikiwashwa bila gitaa inavuma, si kwa nguvu lakini unaisikia ukiwa chumba hichohicho. Kifungo cha sauti kinakwaruza ukikizungusha. Tremolo (ule mtikisiko wa sauti) inafanya kazi ila inachelewa kuamka.

Lakini sauti yake, jamani! Ikiwa chini noti zinatoka safi na nono. Nikipandisha kupita katikati inaanza kupasuka taratibu kwa kufuata mkono wangu: nikigusa nyuzi kwa upole inatulia, nikikaza inanguruma, bila kugusa kifungo chochote. Ampu ninayotumia sasa ni ya kidijitali, ina sauti za ampu nyingi ndani yake, na ni nzuri kwa mengi, ila kitu hicho sijawahi kukipata kwake.

Nataka kuitumia kurekodi na kufanya mazoezi. Mara mojamoja napiga na wenzangu, na mpiga dramu yupo. Muuzaji anataka bei ya ampu iliyokwisha kukarabatiwa. Je, mvumo huo ni dalili ya nini? "Haijaguswa" ni sifa au ni mzigo? Na wati 5 zinatosha?

FundiValvu

Mkuu, tuanze na huo waya wa pini mbili, kwa sababu hilo ndilo linaloua.

Nyuzi za gitaa lako ni chuma, na zimeungana na chasisi ya ampu, yaani fremu yake ya chuma, kupitia kebo ya gitaa. Chochote kilichoko kwenye chasisi kiko mikononi mwako. Ampu nyingi za Marekani za enzi hizo hazikuwa na ethi. Badala yake ilifungwa kapasita moja (kifaa kinachohifadhi chaji) kati ya upande mmoja wa umeme wa ukutani na chasisi, ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikipiga shoti, na plagi ikawa imechomekwa upande mbaya, laivu inahamia kwenye chasisi na kwenye nyuzi. Ukisogeza mdomo kwenye maikrofoni yenye ethi, umeme unapita mwilini mwako. Ndiyo maana mafundi wanaiita kapasita ya kifo. Tiba yake ni kazi ndogo: waya wenye nyaya tatu, ethi ifungwe kwenye chasisi kwa bolti yake yenyewe, laivu ipite kwenye fyuzi kwanza halafu kwenye swichi, na kapasita hiyo ikikutwa ing'olewe. Mpaka hayo yafanyike, usishike gitaa lililochomekwa humo.

Kuhusu "haijaguswa": muuzaji anaitaja kama sifa, na mimi naelewa kwa nini. Ila kwa ampu ya umri huo maana yake ni kwamba matengenezo ya miongo yote hiyo yanamsubiri mnunuzi. Zile kapasita kubwa za kuchuja umeme zina majimaji ndani ambayo hukauka hata kama ampu imekaa kabatini. Miaka 20 ni umri wa heshima kwa kapasita ya aina hiyo. Zikikauka, umeme unaofika kwenye valvu haujachujwa vizuri na unausikia kama mvumo, kwa 100 Hz ukiwa kwenye umeme wa 50 Hz, au 120 Hz kwenye umeme wa 60 Hz. Ubaya zaidi ni zikipiga shoti: zinavuta mkondo mkubwa kupitia 5Y3 na transfoma ya umeme, na hapo unapoteza kitu ambacho hakirudi.

Gitaa likiwa halijachomekwa, shusha sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, chanzo kiko kwenye uchujaji au kwenye valvu ya mwisho. Ukipungua pamoja na kifungo, tafuta mwanzoni, kwenye 12AX7 ya kwanza na nyaya zake. Ujue pia kwamba ampu yenye valvu moja ya mwisho huvuma kidogo hata ikiwa nzima, kwa sababu haina jozi ya valvu zinazofutiana mvumo kama zilivyo ampu kubwa. Kwa hiyo usidai ukimya kamili.

Mkwaruzo wa kifungo mara nyingi ni vumbi na kutu, dawa ya kusafishia inatosha. Ukirudi baada ya kusafishwa, kuna kapasita ya kupitisha sauti inayovujisha umeme wa DC kuelekea kwenye kifungo. Tremolo inayochelewa ni valvu iliyochoka au kapasita ndogo tatu zinazoiendesha. Hayo ni madogo.

Ninachotaka uondoke nacho ni hiki. Ndani ya ampu kuna vitu vilivyowekwa ili vichakae na kubadilishwa, kama matairi ya gari: valvu, kapasita za kuchuja, waya wa umeme. Hivyo hesabu gharama yake na uitoe kwenye bei. Na kuna vitu ambavyo vikiondoka unabaki na ampu nyingine: transfoma ya umeme, transfoma ya spika, chasisi na sanduku. Hivyo ndivyo vinavyoamua kununua au kuondoka. Kwa maelezo yako, hakuna ulichotaja kilichoko kwenye kundi la pili. Bado hujaangalia tu.

Mkusanyaji

Nakubaliana na Fundi kuhusu usalama, ila nina neno kuhusu kubadilisha vitu. Fundi akifungua ampu ya kale na kung'oa kila kapasita anayoiona, anaua kilichofanya itafutwe. Kapasita za kuchuja sawa, zibadilishwe. Zile za kupitisha sauti, kama hazivuji, ziachwe. Rezista za kaboni, kama hazikwaruzi na hazijapanda sana kipimo, ziachwe. Na kila kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko na kukaa na ampu. Mnunuzi wa kesho ataridhika akiona kilichotoka ni kipi na kiliingia nini.

Tena mkuu usimwamini muuzaji kuhusu mwaka. Si lazima awe mwongo, watu wengi hurudia walichoambiwa. Ampu yenyewe inajieleza. Ndani ya sanduku kuna karatasi inayoonyesha nafasi za valvu, na kwa Fender za miaka hiyo mara nyingi ina muhuri wa herufi mbili. Herufi ya kwanza ni mwaka: A ni 1951, B ni 1952, unakwenda hivyo mpaka N ambayo ni 1964, O ni 1965, P ni 1966, Q ni 1967. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L Desemba. Ukikuta NC, ni Machi 1964.

Halafu soma namba zilizogongwa mgongoni mwa vifungo vya sauti na toni. Tarakimu tatu za mwanzo ni kiwanda: 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka na wiki. Spika nayo ina namba kwenye fremu: 220 ni Jensen, 465 ni Oxford, 137 ni CTS, 67 ni Eminence. Namba hizo zinakuambia kifaa kilitengenezwa lini, ampu yenyewe iliungwa baadaye. Zikikubaliana zote, una ampu kamili. Moja ikiwa ya miaka mingi mbele, kitu kimebadilishwa.

Mwaka 1964 unatajwa sana na wauzaji kwa sababu kampuni ya Leo Fender ilinunuliwa na kampuni ya utangazaji ya CBS mapema 1965, na watu hulipa zaidi kwa kilichotangulia mauzo hayo. Kwa Vibro Champ tofauti hiyo haipo kwenye sauti. Mzunguko (mpango wa vifaa vya ndani) ni AA764, uliendelea uleule baada ya CBS kuingia. Anayelipia mwaka analipia historia, na hilo ni halali kabisa, mradi historia iwe ya kweli.

Dada_Ridhimu

Nijibu la wati, maana hapo wengi hupotea.

Wati 5 dhidi ya wati 50 ni tofauti ya desibeli 10. Masikio ya watu wengi huisikia kama sauti iliyozidi mara mbili tu, si mara kumi. Spika ya inchi 8 ya kawaida hutoa kama desibeli 90 kwa wati 1 ukiwa mita moja. Wati 5 zinaongeza 7, unafika 97. Kwa hiyo elewa mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwa mazoezi ya usiku ukuta kwa ukuta na jirani, ampu hii si ndogo hata kidogo, na ule mpasuko ulioupenda unaanza pale ambapo jirani tayari ameamka. Kwa kupiga na dramu, haitoshi. Mpiga dramu wa kawaida anapita desibeli 100 bila kujitahidi, na wewe ukitaka noti safi utaishia wati mbili au tatu kabla haijaanza kupasuka. Utasikika kwenye solo iliyopasuka, ridhimu safi itamezwa.

Kwenye kurekodi ndiko ilikozaliwa upya. Mpiga gitaa Eric Clapton alipokuwa Miami mwaka 1970 alitumia Champ ndogo studio, na ukisikiliza kilichotoka pale huwezi kudhani ni sanduku la spika ya inchi 8. Maikrofoni ikiwa karibu haijui ukubwa wa ampu, inachukua kile koni ya spika inachofanya mbele yake. Ampu ndogo inafika mahali pake pazuri kabla haijajaza chumba, kwa hiyo mwangwi wa kuta hauingii sana kwenye rekodi. Sogeza maikrofoni kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni utapata besi zaidi na ukali utapungua.

Na kama siku moja utaitoa nje, iunganishe na spika ya inchi 12 ya omu 4 kwenye sanduku lake. Transfoma ileile, valvu zilezile, ila unapata mwili ambao inchi 8 haiwezi kutoa. Halafu weka maikrofoni mbele yake na uache mitambo ya ukumbi ifanye kazi ya ukubwa.

Kwa hiyo swali langu kwako: kupiga na wenzako ni mara ngapi hasa? Kama ni kila wiki, ampu yako ya kwanza iwe nyingine, hii ije ya pili.

Besi_Nene

Mimi niko upande wa kuiacha.

Mzunguko wa ampu hizi ni mwepesi sana. Ule wa Champ ya zamani zaidi, 5F1, una 12AX7 moja, 6V6 moja, 5Y3 moja na vipande vichache ubaoni. Mchoro wake unajulikana na kila fundi, na vifurushi vya kuunga mwenyewe vipo vingi. Unapata transfoma mpya iliyosukwa kwa volti za umeme wako, ethi tangu mwanzo, kapasita mpya, spika mpya. Valvu mpya za 12AX7 na 6V6 bado zinatengenezwa, kampuni ya JJ iliyoko Slovakia wanazo. Sasa kwa nini ulipie zaidi upate kitu cha hatari kinachohitaji matengenezo?

Kuna kingine hamjakitaja. Ampu hiyo ilisukwa kwa volti 117 na 60 Hz. Kama umeme wenu ni volti 220 hadi 240 na 50 Hz, lazima utembee na transfoma ya kushusha, na ampu itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa.

FundiValvu

Besi_Nene ana hoja nzito na nisingependa ipitwe. Kwa mtu anayetaka sauti tu, kifurushi kilichoungwa vizuri kinatoa sehemu kubwa sana ya sauti hiyo, na kinaamka kila siku bila maswali. Tena kukiunga kunakufundisha kusoma ampu. Ila 5F1 haina tremolo wala vifungo vya toni, ina kifungo cha sauti peke yake, na sauti yake ya katikati ni nene kuliko ya Vibro Champ. Ni dada yake, si pacha. Kama alichokipenda ni ile noti safi ya chini, 5F1 inaweza isimpe.

Kuhusu 60 Hz na 50 Hz ni kweli. Ukishusha Hz kutoka 60 hadi 50, chuma cha transfoma kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20 kwa volti zilezile, na joto linapanda. Transfoma nyingi za enzi hizo zinavumilia, zingine hazina nafasi hiyo. Dawa ni kutolisha volti za juu kuliko 117 zilizoandikwa, bora hata 110 kwenye 50 Hz. Pima kwa mita kinachotoka kwenye transfoma ya kushusha ampu ikiwa inafanya kazi, usiamini kibandiko. Baada ya saa moja weka mkono juu ya transfoma ya ampu (nje ya chasisi, siyo ndani). Joto la kushikika ni sawa. Ikikulazimu kuondoa mkono haraka, zima.

Kosa lingine linalofanywa na wengi ni kuchomoa 5Y3 na kuweka GZ34, valvu nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa kuwa inaingia soketi ileile. 5Y3 inakula volti nyingi njiani, GZ34 inakula kidogo, kwa hiyo volti zote za ampu zinaruka juu na 6V6 inaungua. Kaa na 5Y3.

Kamba_Mpya

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu, ila na mimi nina ampu ndogo ya zamani niliyopewa, ya zile zilizouzwa na magitaa ya wanaoanza. Ni nyepesi ajabu. Valvu zake zimeandikwa 50C5, 35W4 na 12AU6. Natumia transfoma ya kushusha na inapiga vizuri. Nayo ina waya wa pini mbili. Nibadilishe waya tu?

FundiValvu

Ichomoe ukutani sasa hivi, ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma.

Soma tarakimu za mwanzo za valvu zako: 50, 35, 12. Hizo ni volti za filamenti, ule uzi unaopasha valvu joto. Jumla ni 97. Zimepangwa mfululizo moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, na rezista inamalizia kilichobaki mpaka 117. Wepesi unaoushangaa ni kwa sababu ampu hiyo haina transfoma ya umeme kabisa. Hakuna kinachoitenga chasisi na ukuta. Ampu ya mwenye uzi ina transfoma inayoweka kizuizi, na hatari yake ni kapasita moja. Ya kwako, hatari ni mpango mzima wa ampu.

Transfoma yako ya kushusha haikulindi. Nyingi kati ya hizo zina msuko mmoja tu wenye tawi katikati, zinashusha volti ila hazitengi chochote, na laivu inaweza kupita vilevile. Kuweka waya wa ethi peke yake nako si jibu, kwa sababu kwenye ampu hizi upande mmoja wa umeme wenyewe unaweza kuwa umeungana na chasisi, na hapo ethi inakuwa njia ya shoti. Kinachotakiwa ni transfoma ya kutenga yenye misuko miwili iliyoachana, ifungwe na fundi, kisha chasisi ipewe ethi. Ikifanyika hivyo ni ampu nzuri sana ya mpasuko mchafu wa bluzi. Bila hiyo, iweke kama pambo.

Dada_Ridhimu

Kamba_Mpya tafadhali rudi utuambie kwamba umeichomoa.

Kamba_Mpya

Nimeichomoa dada. Asanteni sana, sikujua. Nitaipeleka kwa fundi kabla ya kuigusa tena.

Nyuzi_Sita

Nimerudi wakuu. Muuzaji amekubali ifunguliwe mbele yake, na nimekwenda na fundi anayejua valvu. Nawaletea tulichokiona.

Muhuri kwenye karatasi ya valvu ni QB. Vifungo vya sauti na toni vinasomeka 137 66, yaani CTS wa 1966. Spika inasomeka 137 7319. Transfoma zote mbili zinaonekana za asili: risasi ya kulehemu haijaguswa, rangi ya nyaya haijakatwa wala kuungwa, na vipimo vinaonyesha misuko haijakatika. Sanduku halijapakwa rangi upya. Kopo la kapasita za kuchuja ni la zamani na limevimba kidogo chini. Kapasita ya kifo ilikuwepo na ina alama ya joto. Kwenye katodi ya 6V6 tumesoma volti 20, rezista yake ni ya omu 470, na kati ya anodi na katodi (ncha mbili ambazo mkondo wa valvu hupita kati yake) kuna volti 330. Tuliiwasha kupitia balbu ya mfululizo (inayozuia mkondo usizidi) kwanza, halafu moja kwa moja kwa muda wa kupima tu.

Mvumo unabaki hata sauti ikiwa sifuri.

Mkusanyaji

QB ni Februari 1967. Vifungo vya 1966 vinalingana nayo vizuri. Spika ni CTS wa 1973, wiki ya 19, kwa hiyo iliyotoka kiwandani iliondoka na hii ikaingia baadaye. Maneno mawili ya muuzaji yameanguka: si ya 1964, na si kila kitu ni cha kiwandani. Mwonyeshe namba hizo kwa heshima, mwachie azisome mwenyewe. Mimi kwa mkusanyiko wangu nisingeichukua kwa sababu ya spika. Kwa mtu anayetaka kupiga, ni ampu ya kweli yenye paneli nyeusi na transfoma zake, na hizo ni chache kuliko spika.

Spika nzuri ya inchi 8 ya omu 4 unaweza kuipata wakati wowote. Sanduku na transfoma za asili pamoja, hilo ni gumu.

FundiValvu

Vipimo vyako vinasema mengi. Volti 20 gawanya kwa 470 ni miliampea 42 na kidogo. Zidisha kwa 330 unapata wati 14. Sehemu ndogo ya mkondo huo inakwenda kwenye skrini, ncha nyingine ya valvu, kwa hiyo anodi yenyewe iko chini kidogo ya hapo. 6V6GT ilipewa kikomo cha wati 12 kwenye majedwali ya mwanzo na 14 kwenye ya baadaye. Ina maana valvu yako inafanya kazi ukingoni, na ndivyo Champ zilivyo nyingi. Si ugonjwa, ila tumia 6V6 imara, na shusha volti za kuingilia kama nilivyosema, utaona hesabu hiyo inarudi nyuma.

Mvumo unaobaki kwenye sifuri pamoja na kopo lililovimba, jibu ni moja. Kopo hilo lisiwashwe tena hata kwa kujaribu. Mwambie muuzaji naye asiwashe, kwa sababu ikipiga shoti leo transfoma itakayoungua bado ni yake.

Mpe hesabu hii: bei ya ampu nzima, toa kopo la kapasita, toa kapasita ya katodi, toa waya na ethi, toa valvu mbili, toa kazi ya fundi, halafu toa tofauti kati ya spika ya asili na hii. Akikubali, chukua. Akikataa, ondoka, kwa sababu gharama hizo zipo hata kama yeye hazitambui, na atakayezilipa ni wewe.

Besi_Nene

Kwa transfoma zilizo nzima na hesabu hiyo, nabadili msimamo wangu. Akishusha, chukua. Akikataa, unga 5F1.

Nyuzi_Sita

Ameshusha. Hakufika chini kabisa, alisimama kwenye gharama za ukarabati na kukataa kuhesabu spika. Nilikaa nikafikiri, halafu nikakubali, kwa sababu kwa matumizi yangu ya kurekodi spika hiyo ya CTS naipenda ilivyo, ina ukali unaokata vizuri katikati ya vyombo vingine. Kwa dramu nitabaki na ampu yangu ya kidijitali, Dada_Ridhimu hapo umenishawishi.

Iko kwa fundi. Swali la mwisho: kapasita za kuchuja niweke ukubwa uleule au niongeze ili mvumo uishe kabisa? Fundi wangu ameniachia niamue.

FundiValvu

Uleule, au panda kidogo sana. Ile ya kwanza baada ya 5Y3 usiipeleke juu, kwa sababu kila ampu inapowashwa kapasita kubwa inavuta mkondo mkali kupitia valvu hiyo, na jedwali la 5Y3 linaweka kikomo cha microfaradi 20 pale. Zinazofuata zina uhuru zaidi, ila ukizijaza kupita kiasi ampu inakuwa ngumu mkononi, ule ulaini wa kulegea ukikaza nyuzi unapungua. Volti za kapasita zianzie 450, 500 ikipatikana. Mwambie pia aweke rezista ya kumwaga chaji, ili atakayeifungua baadaye asikute volti 300 na zaidi zinamsubiri ampu ikiwa imechomolewa.

Kopo la zamani libaki juu ya chasisi, likatwe nyaya zake tu, na mpya zifichwe chini. Mkusanyaji atafurahi.

Mkusanyaji

Nimefurahi. Na kapasita ya kifo iliyotolewa itie kwenye mfuko pamoja na waya wa zamani, andika juu yake tarehe.